Miguu ya Jeshi

Ndugu msikilizaji, kipupwe kimeingia, na juma hili nataka tuzungumze habari ya miguu. Najua wapo watakaosema kwamba leo nimekosa la kusema. Nivumilieni kidogo.

Mtu wa Lushoto hucheka asikiapo watu wa Korogwe na Handeni wakilalamikia baridi. Ni kweli, baridi ya huko haigandishi maji. Lakini ifikapo Juni na Julai, umande wa alfajiri ni mwingi, ngozi inakauka, na visigino vinapasuka magaga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye magaga analielewa neno hilo kuliko fundi mwashi.

Basi turudi nyuma hadi Juni ya mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika kwetu. Jenerali Jan Smuts, akiongoza majeshi ya Waingereza, alishuka kutoka upande wa Kilimanjaro akifuata mto Pangani, huku Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck wakirudi nyuma mbele yake. Katika siku 10 za kwanza majeshi hayo yalikwenda takriban maili 130. Tarehe 15 Juni yaliingia Korogwe, na siku chache baadaye Handeni.

Ramani za vita huonyesha safari hiyo kwa mishale mizuri. Ukweli ni kwamba mishale ile ilitembea kwa miguu. Farasi na maksai waliuawa na mbung'o, magari yalikwama njiani, na reli ya Tanga haikufika Handeni. Kwa hiyo unga, risasi na machela ya wagonjwa vilibebwa na wapagazi. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa ratili 50 au 60, yaani kama kilo 25, na wengi wao walikwenda pekupeku.

Adui wa miguu hiyo hakuwa baridi peke yake. Alikuwapo pia funza. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola mwaka 1872 pamoja na mchanga uliopakiwa melini kutoka Brazil. Akalivuka bara lote kwa miguu ya misafara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Funza jike hujichimbia katika nyama ya kidole, akavimba kwa mayai hadi kuwa kama punje ya njegere. Akiachwa, kidonda huoza, na mtu aweza kupoteza kidole, au kufa kwa pepopunda.

Sasa linganisheni na Ulaya. Huko, katika majira ya baridi ya 1914 hadi 1915, askari wa Kiingereza wapatao 20,000 waliugua kile tunachoweza kukiita mguu wa handaki: mguu uliokaa katika maji baridi na matope hadi nyama ikafa. Wakubwa wa jeshi walishtuka. Wakaamuru soksi kavu, mafuta ya nyangumi, na ukaguzi wa miguu kila siku. Jeshi lilikuwa limejifunza kwamba mguu ukifa, bunduki haina kazi.

Nauliza, je, somo hilo lilimfikia mpagazi? Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo huku kwetu walizidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na kichomi, si kwa risasi. Wengi hawana hata kaburi lenye jina. Wajerumani nao walichukua watu vijijini vivyo hivyo.

Mkaaji wa Dar es Salaam anayekwenda sokoni Kariakoo hutamka kila siku jina lililotokana na kikosi cha wapagazi hao. Na pale kwenye sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, maandishi yanasema kwamba wapagazi walikuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Kila nipitapo hapo huwaza jambo moja: hiyo miguu ya jeshi, nani aliinunulia viatu?

Ndugu msikilizaji, sisi hatuna jenerali wa kutuharakisha. Osha miguu jioni, kausha vizuri hata katikati ya vidole, kisha paka mafuta, hata yawe ya nazi. Usiiweke juu ya jiko la mkaa ili kuipasha moto. Mwenye kisukari aichunguze kila siku, maana aweza kuungua asihisi. Funza hupenda mchanga mkavu, hivyo mwagia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na mtoto avae viatu, hata kama ni katambuga. Funza akishaingia, nenda zahanati. Sindano moja isizunguke nyumba nzima, kwani huweza kusambaza Ukimwi na homa ya ini.

Na ukimwona kuli pale stendi ya Korogwe akibeba gunia lako alfajiri bila viatu, usiishie kutazama gunia. Tazama na miguu iliyolibeba.

Hadi juma lijalo, nakutakieni kipupwe chema.