Reli ya makaa ya mawe juu ya meza: maketi ya mabonde ya West Virginia

Maketi ya reli ni nakala ndogo ya njia ya treni, pamoja na milima yake, mito yake, stesheni na nyumba, na treni zake zinatembea kweli kwa nguvu ya umeme. Wengi wanaijua kama mchezo wa watoto wakati wa Noeli: treni moja inazunguka, basi. Lakini kule Marekani na Ulaya kuna watu wazima ambao wanatumia miaka mingi kujenga eneo moja la historia mu chumba kimoja cha nyumba. Kati ya maeneo wanayopenda sana iko milima ya Appalachia, na zaidi sana mabonde ya makaa ya mawe ya kusini mwa West Virginia, pale inapopakana na Virginia.

Makaa hayo si makala ya jikoni yanayochomwa kwa miti. Ni jiwe jeusi linalochimbwa chini ya mlima. Reli ya Norfolk and Western ilifika mu mji wa Pocahontas, Virginia, mwaka 1883, na mwezi wa tatu wa mwaka huo makaa ya kwanza yakapelekwa mpaka Norfolk, kwenye bahari ya Atlantiki. Mwaka mmoja tu kisha, tarehe 13 mwezi wa tatu 1884, mgodi huo ulilipuka na watu wasiopungua 114 wakafa. Kazi haikusimama. Kila bonde likapata kitawi chake cha reli, na kila kitawi kikapata migodi yake, nyumba za kampuni na duka la kampuni.

Kwa mjengaji wa maketi, mabonde haya yana faida moja kubwa: ni membamba. Mto, barabara, reli na mustari wa nyumba, vyote vinabanana chini ya milima miwili. Ubao wa upana wa sentimeta 50 kando ya ukuta unatosha kuonyesha bonde zima, na nyuma yake mlima unapanda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta uliopakwa rangi ya mbingu. Mtu anayejenga maketi ya inchi tambarare hana bahati hiyo.

Kipimo kinachotumiwa na wengi kinaitwa HO: kila kitu kinagawanywa kwa 87. Reli ya upana wa milimeta 1435 inakuwa milimeta 16,5, na vagoni ya metre 12 inakuwa sentimeta 14 hivi. Mwenye nafasi ndogo anachukua kipimo cha N, ambacho kinagawanya kwa 160. Hata hivyo nafasi haitoshi hata siku moja. Kilometa moja ya kweli ni metre 11 na nusu mu HO, na treni ya vagoni 100 ingekuwa na metre 14, ndefu kuliko nyumba za wengi. Kwa hiyo mjengaji anafupisha: treni ya vagoni 20, migodi mitatu pahali pa kumi, mji mmoja pahali pa mine. Ufundi uko mu kuchagua kile ambacho kikiondolewa, mwenyeji wa pale hatatambua tena kwao.

Jambo ambalo linawashinda wengi ni mgodi wenyewe. Wananunua jengo zuri la kupakia makaa, wanaliweka kando ya reli na njia moja fupi, kiisha wanashangaa kuona kwamba haliendeshi kazi yoyote. Kule kwenyewe jengo hilo lilisimama juu ya njia za reli, mara nyingi mbili, tatu ao ine. Ndani yake makaa yalichujwa kwa ukubwa: vumbi, vipande vidogo, mabonge makubwa, na kila aina ilikuwa inaanguka mu vagoni ya njia yake. Lokomotivu haikukaa pale kungojea. Ilisukuma vagoni tupu mpaka upande wa juu wa mgodi na kuziacha na freni. Wafanyakazi wa mgodi walikuwa wanalegeza freni, vagoni moja moja, na inateremuka yenyewe mpaka chini ya jengo. Ikijaa, inateremuka tena mpaka upande wa chini, na lokomotivu inakuja kuichukua. Kwa hiyo mgodi unahitaji reli ndefu pande mbili: juu za tupu, chini za zenye kujaa. Mwenye kuelewa hii atajenga mgodi mmoja mahali alipotaka kuweka mitatu, na atapata kazi nyingi zaidi.

Hapo inakuja shida ya pili. Mu maketi makaa hayaanguki yenyewe, sasa vagoni tupu itajaaje? Wengine wanatengeneza mzigo wa kuondoa: kipande cha sponji ngumu kilichochongwa, kinapakwa gundi, kinamwagiwa makaa ya mawe ya kweli yaliyopondwa na kuchekechwa. Ndani yake wanaficha kipande cha chuma, halafu wanauondoa kwa sumaku. (Makala ya jikoni hayafai sana: ni meusi bila kung'aa, tena yanatoa vumbi linaloingia mu mashine.) Wengine wana ujanja mwingine mzuri zaidi. Mgodi unajengwa upande mmoja wa ukuta wa katikati, na kiwanda cha umeme upande wa pili, kwa mgongo wake, na njia mbili za reli zinapita kwa tundu la ukuta. Vagoni tupu zinazosukumwa mu mgodi zinatokea kiwandani, kama vile zimemwagwa sasa hivi. Zenye kujaa zinazosukumwa mu kiwanda zinatokea mgodini, kama vile zimepakiwa. Hakuna mkono unaogusa kitu, na mchezo unaweza kuendelea usiku mzima.

Treni za kweli zilikuwa na mpando mkali wa Elkhorn, upande wa magharibi wa mji wa Bluefield. Tunele ya kwanza pale, ya mwaka 1888, ilikuwa na njia moja tu, na moshi wa lokomotivu ulitesa wafanyakazi ndani yake. Mwaka 1915 kampuni ikaweka umeme kwenye sehemu hiyo ya njia. Mwaka 1950 tunele mpya, pana, ya zaidi ya kilometa 2, ikafunguliwa na umeme ukaondolewa. Mu maketi mpando kama huo unapendeza kwa sababu treni moja inaomba lokomotivu mbili, ya kuvuta mbele na ya kusukuma nyuma, na watu wawili wanaosikilizana. Mifumo ya kidijitali ya leo inaruhusu kila mmoja aongoze mashine yake kwa kidude chake cha mkononi. Wakikosana, vagoni za katikati zinaanguka.

Mwalimu wa wengi mu kazi hii ni W. Allen McClelland wa Dayton, Ohio. Reli yake, Virginian and Ohio, alianza kuijenga miaka ya 1950, na haikuwako popote: aliitunga mwenyewe. Lakini aliipa milima ya kweli, makaa ya kweli na mahali pa kutoka na kufika, hata kama mahali hapo palikuwa nje ya chumba chake. Vagoni haikwenda tu "mbali". Ilikuwa na karatasi yake, na mteja wake. Ndiyo maana reli hiyo ya uongo inaaminika kuliko nakala nyingi za reli za kweli.

Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote ni mwaka gani. Hapa hatari kubwa ni uzuri wenyewe. Wajengaji wengi wa Norfolk and Western wanachagua 1955 mpaka 1958. Inaeleweka: kampuni hiyo njo ilikuwa ya mwisho kati ya reli kubwa za Marekani kuacha mashine za mvuke, mwaka 1960, na mpiga picha O. Winston Link aliipiga picha miaka hiyohiyo, nyingi usiku kwa taa zake mwenyewe. Picha zake zinaonyesha moshi, ukumbi wa nyumba, watoto, na wajengaji wanazichunguza kama ushahidi wa korti.

Lakini miaka hiyohiyo watu walikuwa wanahama. Mashine za kupakia makaa chini ya mgodi zilikuwa zinachukua nafasi ya mikono. Wilaya ya McDowell, katikati ya makaa yale, ilikuwa na watu karibu elfu 99 mwaka 1950. Mwaka 1960 walibaki elfu 71 hivi. Hesabu ya mwaka 2020 ilipata elfu 19. Maketi ya mwaka 1957 ambamo kila nyumba ina taa na kila mlango una mtu, inasema uongo, hata kama kila namba ya lokomotivu ni sahihi. Nyumba tatu mu mustari wa kumi zinapaswa kuwa na mbao kwenye madirisha, na bustani yenye majani marefu. Kazi hiyo ni ya saa moja na rangi kidogo ya kijivu, lakini wachache njo wanaifanya.

Mwenye kuchagua miaka ya 1920 ana nyumba zilizojaa, lakini hapo pia kuna vita. Nyumba za kampuni zilifanana zote, na familia za Weusi waliotoka kusini, za wahamiaji wa Hungaria na Italia, na za Wazungu wenyeji mara nyingi zilitengwa, kila kundi upande wake. Mshahara ulilipwa mara nyingi kwa vipande vya chuma vya kampuni, vya kununulia mu duka la kampuni. Tarehe 19 mwezi wa tano 1920, mu mji wa Matewan, kando kabisa ya reli hiyo, walinzi wa kukodiwa walikuja kufukuza familia za wanasindika mu nyumba zao. Watu 10 wakauawa kwa risasi, kati yao meya. Mwaka uliofuata, maelfu ya wachimbaji wakashika bunduki na kuandamana mpaka mlima wa Blair. Maketi ya Matewan ya mwaka 1921 haiwezi kuwa na barabara safi tu na duka lililopakwa rangi. Wapi hema za familia zilizofukuzwa? Hema inakatwa kwa karatasi nyembamba iliyolowanishwa gundi, na kumi zinatosha kwa ubao mmoja.

Milima inajengwa kwa vipande vya karto vilivyosukwa kama kapu, kisha bendi za plasta zenye maji. Miti inaomba subira: milima ya kule imefunikwa yote, na maketi ya kawaida inakula miti maelfu. Ya mbele inatengenezwa moja moja; ya nyuma ni viduara vya pamba vilivyobingirishwa mu unga wa sponji ya kijani.

Vifaa hivi vyote vinaweza kutumika pia kwa makaa ya mawe ya Congo. Luena, mu Haut-Lomami, ina mgodi wake kando ya reli ya kutoka Lubumbashi kwenda Kamina, na kambi za wafanyakazi ambazo wazee wangali wanaweza kuzihesabu nyumba kwa nyumba. Reli ya kule ina upana wa milimeta 1067, kwa hiyo mwenye kutumia njia ya HO ya milimeta 16,5 atagawanya kila kitu kingine, nyumba na watu, kwa 64 hivi.