Safu ya Lugha: Hulka haiandikwi

Kijana mmoja wa Wandegeya, Kampala, alinionyesha roboti yake ya kuchati. Alikuwa ameiandikia: wewe ni ssenga, shangazi wa Kiganda anayewafunda mabinti; kabla ya kushauri, uliza mtu amekula nini. "Nimeipa hulka, mzee," akajisifu. Hapana, mwanangu. Hulka imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuumba. Mtu huzaliwa nayo. Tabia, Kiarabu vilevile, hujengeka kwa mazoea (japo wahenga wanadai haina dawa). Ulichoandika wewe ni uhusika, kama mtunzi wa tamthilia anavyomwandikia mwigizaji wa National Theatre: akishuka jukwaani, ussenga anauacha hukohuko. Ili kumthibitishia, tukafuta ile sentensi ya chakula. Ssenga akaanza kujibu kama karani wa benki.