Bagia ipi?

Stendi ya Mbinga ukiomba bagia, unapewa kipakiti cha vijiti vya njano vinavyokatika kwa mlio. Unguja utaletewa vidonge laini vya kunde, tena wataviita bajia. Neno lenyewe ni la Kigujarati, bhajia, na Wazanzibari wamelitunza vizuri zaidi. Vijiti vyetu vinafanana na murukku ya Tamil Nadu, yaani “iliyosokotwa”. Unga wa dengu, chumvi, pilipili, kisha kinu cha mkono juu ya karai: donge likikaza, mkono unauma, likilegea, linakunywa mafuta. Mbamba Bay, kando ya ziwa, nilikula bagia hizi na dagaa usipa wa kukaanga. Ukifumba macho, hujui kipi kimetoka ziwani.