Vibwengo wa Cottingley

Hadithi zetu za pwani huanza kwa makubaliano. Msimulizi anaita, “Hadithi! Hadithi!” nao wanaosikiliza wanaitikia, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Uongo umealikwa kwa jina lake, waziwazi. Ukitaja jini au zimwi baada ya hapo, nani atakudai ushahidi?

Wasichana wawili wa Cottingley, kijiji karibu na mji wa Bradford huko Uingereza, hawakuwa na kiitikio cha kuwakinga. Mwaka 1917 Frances Griffiths alikuwa na miaka 9, ametoka Afrika Kusini juzijuzi tu na mamake. Binamu yake, Elsie Wright, alikuwa na miaka 16. Kila mara Frances alirudi nyumbani viatu vikiwa chapachapa kwa kucheza kijitoni, na alipogombezwa akajitetea: eti huenda kuwaona vibwengo. Wakubwa wakacheka. Basi Elsie akaazima kamera ya babake, wakashuka kijitoni, na picha ikatoka: Frances, na mbele yake vibwengo wadogo wenye mabawa wakicheza ngoma.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Elsie, aliyejua kuchora, aliiga michoro ya kitabu cha watoto, akaongeza mabawa, akaikata na kuisimamisha kwa pini za kofia. Mzaha huo ungeishia sebuleni. Lakini mwaka 1919 mamake Elsie aliutaja kwenye mkutano wa Wateosofia huko Bradford, na picha zikaanza safari iliyozifikisha mikononi mwa Arthur Conan Doyle.

Huyu ndiye aliyembuni Sherlock Holmes, mpelelezi asiyedanganyika. Kwani yeye aliamini vipi? Angalia alikotoka. Babake, Charles, alichora vibwengo akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba yake mkubwa, Richard, alisifika kwa michoro hiyo hiyo. Mwenyewe tayari alikuwa akihubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai. Kisha mwaka 1918 akampoteza mwanawe Kingsley, wakati vita vimejaza matanga katika nyumba za Uingereza. Desemba 1920 alizichapisha picha katika jarida la The Strand, na mwaka 1922 akatoa kitabu kizima.

Wasichana wakanyamaza. Ungemwambiaje mzee maarufu hivyo, mbele ya dunia nzima, kuwa amesadiki karatasi na pini? Walikuja kukiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe. Hata hapo Frances alishikilia kwamba picha ya tano, ya mwisho, ilikuwa ya kweli.

Miaka 66 ni mingi mno kubeba utani. Hadithi yenyewe haikuwa na uzito. Uzito uliletwa na wakubwa waliotaka iwe ushahidi. Siku hizi mtoto akivalishwa mabawa ya karatasi kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, mzazi anayempiga picha anajua, na mtoto anajua. Ndiyo maana wote wawili wanacheka.