Kutoka Tokyo hadi Rongui: historia ya kukadiria mawimbi ya simu baharini

Redio ilivuka bahari mapema, kwani Mei 1897 Guglielmo Marconi alipeleka ishara kati ya Lavernock, Wales, na kisiwa cha Flat Holm. Lakini elimu ya kukadiria nguvu ya mawimbi ya simu, yaani kujua kabla ya kusimika mnara ni wapi simu itashika, ilikulia mijini. Mwaka 1968 Yoshihisa Okumura na wenzake walichapisha vipimo walivyovikusanya Tokyo na viunga vyake, na mwaka 1980 Masaharu Hata akavigeuza kuwa kanuni fupi za hesabu ambazo wahandisi wengi wamezitegemea tangu hapo. Katika kazi ya Okumura, bahari ilikuwa sahihisho tu, la kuongezwa pale njia ya mawimbi inapokatiza maji.

Kwa kisiwa kama Rongui, jirani ya Vamizi katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, sahihisho hilo ndilo jambo lenyewe. Juu ya maji hakuna nyumba wala mlima wa kuzuia mawimbi, lakini uso wa bahari huyarudisha kama kioo, hivyo simu hupokea wimbi lililonyooka pamoja na lililoakisiwa, na mawili hayo huweza kuongezeana nguvu au kufutana. Kwa kuwa katika pwani hiyo maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mahali palipokuwa na mtandao maji yakijaa panaweza kuukosa yakipwa, ingawa mnara haukuguswa.

Umbali nao una mipaka yake. Mnara wa mita 50 na simu iliyoinuliwa mita 2 ndani ya mashua huonana, kwa hali ya kawaida ya hewa, hadi kilomita 35 hivi. Na mfumo wa GSM, unaoipa simu muda maalumu wa kujibu, nao hukomea kwa kawaida kilomita 35, hivyo jibu la mbali zaidi huchelewa hata kama mawimbi yana nguvu. Tena hewa huweza kuyapinda mawimbi: hewa kavu ikitanda juu ya hewa yenye mvuke, huyanasa kama maji ndani ya mfereji, na ndiyo sababu wakati wa Vita Kuu ya Pili rada ya Bombay iliweza kuiona pwani ya Arabuni.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 2001 pendekezo P.1546, lenye mikunjo ya grafu ya kukadiria nguvu ya mawimbi: ya nchi kavu, ya bahari baridi na ya bahari ya joto. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini mikunjo hiyo imetokana hasa na vipimo vya maeneo ya hali ya hewa ya wastani, mfano wa bahari ya joto ukiwa Mediterania, ambako hakuna kusi wala kaskazi. Wanaopanga minara ya Cabo Delgado wapime katika bahari hiyo yenyewe, kwa misimu yote miwili, bamvua na maji mafu, wakiwa ndani ya mashua za wavuvi.