Kichaka Kilichokosa Mapumziko

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi akapanda hadi Newala. Kwenye uwanda wa Makonde alikuta vichaka vizito. Ni rahisi kudhani lilikuwa pori ambalo halijaguswa na mtu. Mimi naona mashamba yaliyopumzishwa: mkulima alifyeka, akachoma, akalima misimu michache, akahama; kichaka kikarudi na mimea yake.

Mkorosho, mti wa Brazili ulioletwa Afrika na Wareno, ulikata mzunguko huo. Ukishapandwa, ardhi haipumziki tena. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, bei ya korosho ikawa ndogo, mikorosho ya mbali ikasongwa na magugu. Kisha ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaostawi penye kivuli na msongamano. Mavuno ya nchi, tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Tiba ikawa salfa, nayo inapulizwa hadi leo.

Tusililaumu jembe peke yake. Kichaka kiliishi na jembe miaka mingi. Kinachokimaliza ni kunyimwa muda wa kurudi.