Walioandika Viumbe vya Unguja

Katika vitabu vya jubilei ni desturi kutaja maaskofu, mapadre na walimu waliotutangulia, na miaka ambayo makanisa yalijengwa na shule zikafunguliwa. Hayo wenzetu wameyaandika katika kurasa nyingine. Sisi tukaao Mpendae twapenda kuongeza habari ya kazi moja, ndogo machoni pa watu wengi, iliyofanywa katika kisiwa hiki na matabibu, mabalozi, wanasheria na watu wa misioni katika saa zao za mapumziko. Nayo ni kazi ya kuokota mdudu, jani au kombe la pwani, kuandika mahali lilipopatikana na siku yake, na kulitafutia jina. Wengi wao hawakulipwa hata pesa moja kwa kazi hiyo.

Wageni wa elimu ya mimea walipita Unguja tangu zamani. Wenceslas Bojer, aliyekuwa akikaa Mauritius, alifika mwaka 1824. Lakini aliyekaa sana na kukusanya sana ni Tabibu John Kirk. Huyu alikuwa amefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi tangu mwaka 1858 hata 1863, kisha akaja Unguja mwaka 1866 kuwa tabibu wa Ubalozi wa Kiingereza, na baadaye akawa Balozi mwenyewe. Watu wamkumbuka kwa habari ya kufungwa soko la watumwa mwaka 1873. Si wengi wakumbukao kwamba katika miaka ile ile alikuwa akikausha majani na kufunga mbegu ili kuzipeleka Kew, bustani kuu ya mimea huko Uingereza, na kwamba Mbweni, karibu na shamba la misioni, alipanda bustani yake ya miti ya nchi nyingi. Alipoondoka, nyumba yake ilikaliwa na Bibi Caroline Thackeray, aliyekuja Mbweni mwaka 1877 kuwafundisha wasichana waliokombolewa utumwani.

Kuna ua moja ambalo habari yake yatupendeza kuliko zote. Ni ua dogo lipendalo kivuli. Shina lake limejaa maji, na tunda lake likiiva, ukiligusa tu, hupasuka na kurusha mbegu. Wenye bustani hulipanda katika makopo mlangoni. Mwaka 1868 wataalamu wa Kew waliliita Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller, mtu wa misioni yetu asiye padre, aliyekwenda pamoja na Askofu Mackenzie hata Magomero mwaka 1861. Kisha mwaka 1882 Kirk alikuwa amepeleka ua la namna hiyo kutoka Unguja, nao wakadhani ni ua jingine, wakaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja, ambaye wakati ule alikuwa Seyyid Barghash. Baadaye ikaonekana kwamba ni ua moja lenye majina mawili. Sheria ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia kuchapwa kwa halali ndilo lishikalo. Basi Sultani, mwenye kisiwa na mashamba ya karafuu, akashindwa na mtumishi wa misioni, na hapakuwa na mahali pa kupeleka rufani!

Kirk ndiye pia aliyepeleka Ulaya ngozi ya kima mwekundu wa Unguja, yule ambaye wenyeji humwita kima punju, naye akatangazwa mwaka 1868 kwa jina la Kirk. Kima huyo hapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja na visiwa vidogo vilivyo kando yake. Hesabu iliyofanywa katika miaka ya 2010 iliona wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Na pwani nako? Huko aliyetangulia kwa bidii ni mtu usiyemtazamia: Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1900 hata 1904. Mtu huyu alikuwa na lugha nyingi kichwani na barua nyingi mezani, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa konokono wa bahari wasio na gamba, wale wenye rangi nzuri kama kanga mpya, ambao hutambaa juu ya matumbawe maji yatokapo. Alichapa habari zao katika vitabu vya wataalamu vya London, na katika zamani zake alikuja Cyril Crossland, aliyekusanya viumbe vya bahari ya Unguja mwaka 1901 na 1902. Mabwana hao walichungulia mabwawa yale yale ambayo wanawake wa Chwaka na vijiji vingine huyajua kwa miguu, wakitafuta pweza, chaza na tondo bamvua lijapo.

Hapo twaona kasoro ya kazi hii yote, wala si vema kuificha. Kikaratasi kilichofungwa katika mguu wa ndege au shingo ya chupa chataja jina la bwana aliyekipeleka Ulaya; mvuvi aliyekivua kiumbe, au mtoto aliyepanda mti, hatajwi. Tena jina la Kilatini liliandikwa kwa wino mzuri, na jina la Kiswahili aghalabu likaachwa. Aliyefanya tofauti ni Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekuja pwani yetu mwaka 1879. Hakuwa wa misioni yetu, lakini twamstahi. Alikusanya mimea kwa mikono yake, akawauliza watu jina la kila mmea, na katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapwa Paris mwaka 1939, aliyaweka majina hayo pamoja na ya Kilatini. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapa kitabu cha mimea yenye faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba, ambacho walimu wa kilimo wametumia kwa miaka mingi.

Nyumba ya Makumbusho ya Mnazi Mmoja, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu, iliwapa watu hawa mahali pa kuweka vitu vyao. Tabibu W. M. Aders, mtaalamu wa viumbe wa Serikali, alichunguza mbu na wadudu wengine wadhuruo watu na mifugo; na paa nunga, yule paa mdogo wa msituni, tangu mwaka 1918 huitwa kwa jina lake. J. H. Vaughan, mwanasheria, alichapa orodha ya ndege wa Unguja na Pemba mwaka 1929 na 1930. R. H. W. Pakenham, mtumishi wa Serikali katika utawala, alimtangaza mwaka 1937 bundi mdogo apatikanaye Pemba tu, na mwaka 1959 akachapa majina ya Kiswahili ya ndege na wanyama wa visiwa vyetu.

Mtu aweza kuuliza: orodha hizi zatufaa nini sisi wa Mpendae, ambako siku hizi ni nyumba kwa nyumba? Na atazame juu ya paa lake. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, waporao mayai na vifaranga, watoto wetu hudhani wamekuwapo tangu kuumbwa kwa kisiwa. Sivyo. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na twajua hivyo kwa kuwa iliandikwa. Katika miaka ya 1990 waliuawa maelfu mengi wakapungua sana. Kazi ilipoachwa wakarudi.

Habari ya chui ni nzito zaidi. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo pia. Mwaka 1932 alipewa jina la Aders. Watu waliamini kwamba wachawi humfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 aliwindwa kwa nguvu. Hata wataalamu walipokwenda msituni kumtafuta, hawakumpata. Mwaka 2018 picha za kamera ya usiku zilionyeshwa, wengine wakasema ni yeye, wengine wakakataa. Ngozi zake zijulikanazo katika nyumba za makumbusho ni chache mno, zahesabika kwa vidole. Na mmoja aliyekaushwa aliwekwa Mnazi Mmoja, ambako wanafunzi wa shule zetu walipelekwa kumtazama.